Juu ya Dari ya Ukumbi wa Mji

Manase aliuma shuka asikohoe. Chini yake, upande wa pili wa mbao za dari, madiwani walikuwa wakibishana habari za mifereji ya soko, na kikohozi kimoja tu kingetosha kumtia kitanzi shingoni.

Alikuwa mwashi, Mshambaa aliyeteremka Tanga kutafuta kazi, na jengo hili alilipenda kabla halijawa gereza lake. Waingereza walilijenga baada ya vita vya Mjerumani: kuta nene za mawe ya matumbawe, matao ya Kiarabu barazani, na ndani ya ukuta wa nyuma ngazi nyembamba iliyopanda hadi kwenye kimnara. Mpita njia hangejua kama ipo. Madirisha ya kimnara yalikuwa ya vibao vilivyoinamishwa kuzuia mvua. Upepo uliingia, lakini macho ya aliyekuwa ndani yaliishia kwenye vigae vya baraza.

Huko ndiko alikofichwa na Fanueli, mtunza funguo wa ukumbi, aliyekua naye kijiji kimoja kule milimani.

Siku alipofichwa, mafundi walikuwa wakipaka chokaa ukumbini. Wenzake Manase walikuwa wamekwenda kula. Juu ya jukwaa la mafundi, nyapara Abrahamu alimtukania Manase mama yake, naye Manase akamsukuma kwa hasira. Abrahamu akaanguka sakafuni, damu ikatambaa, asitikisike. Fanueli alikuja mbio, akainama, akaweka sikio kifuani pa nyapara.

"Amekufa," alinong'ona. "Panda, Manase! Panda kabla hawajarudi!"

Tangu hapo masika ilikuwa imepita, na vuli nayo. Fanueli alileta ugali na samaki, akashusha ndoo, kisha akaufunga mlango wa ngazi kwa komeo la nje.

"Nisipofunga watashuku," alisema.

"Polisi bado wananitafuta?"

"Juzi walikuwa Mwera. Wanadhani umekimbilia huko."

"Marehemu aliacha watoto?"

Fanueli alisita. "Watatu, ndugu yangu."

Kila kulipokucha Manase aliwaombea wale watoto kabla ya kujiombea mwenyewe.

"Na Ruthi?" Ruthi wa Chumbageni alikuwa mchumba wake, mahari ilikwisha pokelewa. "Umemwambia anisubiri?"

"Nimemwambia. Analia tu." Fanueli aligeuza uso. "Ila ulipo sijamwambia. Akibanwa na polisi atasema."

Manase alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Ndugu wa tumbo moja asingemfanyia hivi.

Jumamosi moja Fanueli alipanda mapema, jasho likimtoka. "Leo kuna karamu ya harusi ukumbini. Usijitikise hata kidogo." Mtu akamwita kutoka chini. Akaweka sahani, akashuka mbio.

Alasiri ukumbi ulijaa. Sauti zilipanda kupitia matundu ya hewa: kinanda, vicheko, kisha wimbo wa Kishambaa ambao Manase alikuwa hajausikia tangu aondoke nyumbani. Akalala kifudifudi, sikio kwenye tundu.

"Ruthi, mwanangu! Inua uso watu wakuone!"

Ilikuwa sauti ya Mama Yudith, mama yake Ruthi. Vigelegele vikafuata.

Manase alihisi kuta zinasogeleana. Kwa hiyo wazee walikuwa wamemwoza. Hakumlaumu, ni nani wa kumsubiri mtu aliyetoweka kama moshi? Lakini alitaka kuonana naye mara moja tu, kwa macho, amwambie hakumkimbia. Baada ya hapo wamfunge, wamnyonge. Mtu hufa mara moja, naye humu darini alikuwa akifa kila siku.

Akausukuma mlango kwa bega, akitegemea kupambana na komeo. Ukafunguka. Katika haraka zake Fanueli alisahau kuufunga.

Alishuka akiegemea ukuta. Miguu ilikuwa imesahau ngazi. Maskini Fanueli, aliwaza. Sitamtaja. Nitasema nilijificha mwenyewe. Kwenye mlango mdogo wa nyuma ya jukwaa la ukumbi alisimama, akapiga ishara ya msalaba mdogo kifuani, akayapanga maneno yake: Mimi ndiye niliyemuua Abrahamu. Nikamateni.

Akaingia.

Kinanda kilikatika. Ruthi, ndani ya shela jeupe, alitazama zile ndevu, lile shati lililooza mabegani, akapiga yowe.

"Manase! Si walisema ulizama Pangani?"

Msimamizi wa bwana harusi aligeuka kuona kuna nini, mtu wa miraba minne mwenye kovu kwenye paji la uso, naye alikuwa Abrahamu. Na bwana harusi, aliyeganda na kipande cha keki mkononi mbele ya mdomo wa Ruthi, alikuwa Fanueli.