Sinia la Saa Saba

Mjinga wa siku ile alikuwa Sadalla, na tuseme mapema kabla hajaanza kujitetea.

Alikuwa amejiundia saa ya umeme kwa vyuma vya redio mbovu, na mtaa mzima wa Usagara ulishachoka kusikia habari zake. Ikabaki kuilinganisha na saa ya kuaminika. Akaichagua redio ya jirani wa ng'ambo ya njia, karani wa bandari asiye na mke. Kila adhuhuri mke wa Sadalla alisimama dirishani kwa karani, na redio ikitangaza saa saba, alipiga sinia. Aliyemtuma ni Sadalla mwenyewe.

Siku ya kwanza sinia lilipolia, Sadalla aliuweka mshale kwenye saba. Siku ya pili sinia lilichelewa kidogo. Ya tatu likazidi. Leo mshale ulipita saba kwa muda wa mtu kumaliza kikombe cha kahawa, na bado kimya.

Kahawa ya nani? Kichwani mwake Sadalla alikiona kikombe, akamwona karani, akasikia hata kicheko.

Ndipo sinia likalia. Mkewe akarudi, asmini kichwani.

"Mlikuwa mkinywa nini huko?"

"Nimepiga ilipotangaza, bwana. Mtaa mzima umesikia."

"Saa yangu inasema umechelewa!"

Mkewe aliutazama mshale, unakimbia kama unafukuzwa. Akalitua sinia mezani, taratibu.

"Saa umeiunda wewe, kwa vyuma vya jalalani. Mimi kaniumba Mungu. Sasa wa kukaguliwa kwanza ni nani?"