Sauti ya Mwezi Huu

Programu yangu haina kasoro hata moja, na hilo ndilo kosa lake. Sheria inasema programu ya nyumbani isiyobadilishwa kwa siku thelathini imekufa, na Mamlaka huifuta. Kurudisha toleo la zamani hakuhesabiki. Lazima mtumiaji aone au asikie kitu kipya.

Mtumiaji wangu ni mmoja tu: mama, ambaye siku hizi anasahau sana. Niliiandika mwenyewe, nikaiweka kwenye kompyuta kuukuu juu ya kabati la vyombo, imkumbushe vidonge vya presha. Mwanzoni ilitumia sauti yangu: "Mama, dawa." Naye alikuwa akijibu, "Haya, Tunu mwanangu," na kumeza. Tangu hapo nimebadilisha sauti mara tisa. Nimechoka, jamani! Kila mwezi naharibu kitu kizima ili kisifutwe.

Leo asubuhi sauti mpya ilimwita mara tatu. Mama akafumba mdomo.

"Simjui huyo," akasema.

Nikaizima kwa hasira, nikachukua kidonge na maji, nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, dawa."

Alinitazama kwa makini.

"Ahaa," akasema kwa upole. "Kwa hiyo mwezi huu wamekuleta wewe."