Mtumbwi Mzito

Kwenye ukingo wa mto Luama, mchongaji alimwonyesha Ruphin mitumbwi miwili mipya.

«Baba, chukua huu mufupi. Ule mwingine iko muzito, utakuumiza mikono bure.»

Ruphin aliingia ndani ya ule mfupi, akalala chali juu ya vibanzi. Magoti yakabaki yamekunjwa, kama ya mkewe yalivyokunjwa siku alipovushwa kwa mtumbwi mfupi akiwa na uchungu wa uzazi, akafika ng'ambo amekwisha kukata roho. Daraja lililoahidiwa hapo, wakubwa walishalila likingali kwenye karatasi.

Akahamia ule mzito. Miguu ikanyooka yote.

«Nachukua huu.»

Mchongaji akacheka. «Lakini baba, unaishi peke yako! Nani atalala humu?»

«Muke wa mutu,» alisema Ruphin, wala hakuinuka.