Tuvuke Mpaka

Siku hizo kila nyumba ilikuwa na faili lake, na kila lililosemwa ndani lilijiandika humo. Kazi ya Mwanaidi ilikuwa kutafuta: anaandika maneno aliyopewa, kompyuta inapekua mafaili ya mji mzima kwa mpigo mmoja.

Asubuhi hiyo mkuu wake, Bwana Kitwana, alimpa maneno mawili: "tuvuke mpaka."

Mwanaidi aliyajua. Yeye na mumewe Shomvi walikuwa wakinong'onezana maneno hayohayo bafuni, bomba likiwa wazi. Akayaandika kwa herufi kubwa tupu, akijua mafaili hujiandika kwa herufi ndogo. Kompyuta haikupata kitu.

"Rudia," Bwana Kitwana alisema nyuma yake. "Iambie isijali herufi kubwa wala ndogo."

Akarudia. Ukatokea mstari mmoja tu, wa usiku wa jana, kutoka nyumbani kwake. Alikuwa yeye mwenyewe, akiweweseka usingizini: "Baba Zuhra, tuvuke mpaka."

"Nionyeshe na mstari unaofuata," Bwana Kitwana akasema kwa upole.

Hapo Shomvi alikuwa amejibu: "Kesho jioni, mke wangu. Lala."

Bwana Kitwana akavuta kiti, akaketi kando yake. "Basi jioni ya leo tutaingoja hapahapa, mimi nawe," alisema.