Baraka za Vishikwambi

Padri alichovya kishada cha mrihani kwenye maji ya baraka, akavinyunyizia vishikwambi vipya mikononi mwa watoto, kama anavyobariki trekta. Mkaguzi alipiga picha, akaondoka.

Papo hapo mwalimu mkuu akaanza kuwanyang'anya watoto. Cha mwanafunzi wangu Ilinca alikitemea mate, akafuta alama za vidole kwa mkono wa koti.

“Mikono inanuka jibini. Mtaviharibu.”

Alipofungua kabati, niliona vishikwambi vya ukaguzi wa mwaka juzi, bado viko ndani ya nailoni, vimefunikwa kitambaa cha kufuma.

Ilinca akanivuta sketi. “Mwalimu, kwani padri alikuwa anavizika?”

Mwalimu mkuu akacheka, akanipa ufunguo aliokuwa ameubana kwa meno. “Funga wewe, mama.”

Nikaufuta mate, nikautia mfukoni. Kabati nikaliacha wazi.