Uji Kabla ya Maporomoko

Siku hizo mtambo uitwao Mwito uliwaita watu wa kujitolea kabla janga halijatokea, kila mtu kwa ujuzi wake. Bi Zawati, mpishi wa shughuli, aliitwa kwenye shule moja chini ya mlima. Jua lilikuwa linawaka. Wauguzi walikwishafika. Naye akainjika uji.

Ulipotokota tu, mlima ukaporomoka kule juu. Watu wakateremka wamejaa tope, wakakuta mablanketi na vikombe vya moto.

“Subhanallah!” alinong’ona Bi Zawati, akizidi kuchota uji.

Simu ikalia. Alikuwa mumewe, Shemweta.

“Mama Sabra, hapa nyumbani wameingia watu sita. Wanasema wameitwa na Mwito.”

“Kuna nini?”

“Hakuna kitu. Nimekaa zangu, nakunywa chai.”