Nyegere na Walinzi Wadogo

Zamani, wanyama walipokuwa wakiajiriana, kanga walimweka Nyegere awalindie mayai yao. Nguvu alikuwa nazo, ila macho yake yalikuwa mazito, na usingizi wake mzito zaidi. Sungusungu, wale sisimizi weusi wanaonuka, walipomwomba walinde pamoja naye, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Nyinyi? Nikipiga chafya tu mtapeperuka!"

"Basi tutakaa kando," wakajibu.

Adhuhuri moja Kenge alijipaka tope mwili mzima, akanyatia viota. Nyegere alimtupia jicho, akadhani ni udongo, akasinzia tena kivulini. Lakini sungusungu mmoja alipanda juu ya tope lile, akaonja, akakuta ngozi. Akang'ata, akamwita mwenzake. Yule naye akawaita wawili, na hao wakawaita wanne, mpaka Kenge akawa mweusi tii kutoka puani hadi mkiani.

Harufu yao kali ikamwingia Nyegere puani. Akaruka! Sasa udongo ule ulikuwa mweusi, unanuka, na unatapatapa. Adui hakufichika tena. Akamrukia na kumng'ata, na Kenge akatimka bila yai hata moja, nusu ya mkia akaiacha nyuma.

Kanga wakaja wakishangilia.

"Umemtambuaje, Kaka Nyegere?"

Nyegere akakohoa. "Nimeonyeshwa."

"Na nani?"

Sungusungu walimtazama. Nyegere akahisi masikio yanamwaka moto.

"Na wakubwa wangu hawa," akasema kwa sauti ndogo, kisha akajisogeza, akawapisha kivulini.